Ngome ya Howl Itembeayo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nimeitazama filamu hii na watu wa kila aina: wadogo zangu, majirani, vijana waliobobea katika anime (katuni za Kijapani), na mama wazima waliokuja sebuleni kusubiri taarifa ya habari kisha wakaisahau. Maswali wanayoniuliza ni yaleyale. Nimeyakusanya hapa na kuyajibu kwa kadiri ninavyoifahamu filamu yenyewe na mambo yaliyoizaa. Jibu likikaribia kufichua mwisho, nitatahadharisha.

Hii ni filamu gani, na kisa chake ni kipi?

Kwa Kijapani inaitwa Hauru no Ugoku Shiro. Wengi wanaijua kwa jina la Kiingereza, Howl's Moving Castle. Mimi nitaiita Ngome Itembeayo. Imetengenezwa na Studio Ghibli ya Tokyo, ikaandikwa na kuongozwa na Hayao Miyazaki, nayo ina dakika 119. Ilionyeshwa mara ya kwanza kwenye tamasha la filamu la Venice mwezi Septemba 2004, ikapewa tuzo ya Osella kwa ufundi wake, na tarehe 20 Novemba mwaka huohuo ikaingia kumbi za sinema za Japani. Mwaka 2006 iliteuliwa kuwania Oscar ya filamu bora ya katuni, ila haikuipata.

Sophie ni binti wa miaka 18 anayepamba kofia katika duka aliloliacha marehemu baba yake. Siku moja, akienda kumwona mdogo wake Lettie, askari wawili wanamzonga kichochoroni. Anatokea kijana mtanashati, anamshika mkono, wanapaa juu ya mapaa na kutembea hewani hatua kwa hatua, kama watu wanaokatiza uwanja. Usiku wake Mchawi wa Nyikani anaingia dukani na kumgeuza Sophie kuwa bibi kizee wa miaka 90. Laana ina sharti lake: hawezi kumweleza mtu yeyote yaliyompata. Sophie anafunga mkate na jibini kwenye kitambaa, anashika njia ya milimani, na giza likiingia anajikuta ndani ya ngome ya mabati na mabomba inayotembea kwa miguu minne myembamba kama ya kuku. Mwenye ngome ni Howl, yule kijana wa hewani. Huko nje, nchi inaingia vitani.

Kwani si katuni ya watoto?

Ni katuni, na watoto wanaipenda. Lakini aliyeiandika alikuwa na umri wa miaka zaidi ya sitini, na nusu ya mambo yaliyomo yanamgusa zaidi mtu aliyekwisha kuogopa uzee, aliyempenda mtu asiyetulia nyumbani, au aliyewahi kuona askari wakipita mtaani kwa ngoma na bendera huku akijua hao wote hawatarudi. Mtoto ataona ngome, moto unaozungumza na mbwa mwenye pumu. Mkubwa ataona mengine.

Kwa wazazi: hakuna maiti za kutisha. Kuna watu weusi tii wenye miili kama lami wanaochomoza kwenye kuta, kuna miji inayoungua, na kuna Howl akigeuka dude la manyoya. Mtoto wa miaka minane, mkiwa pamoja naye, ataimudu. Wa miaka minne nisingemwekea kisha niende jikoni.

Imejaa uchawi. Mzazi mwenye dini aiogope?

Swali hili naulizwa kila mara, na ni la haki. Sehemu ya shida ni lugha yetu. Kwa Kiswahili mchawi ni mtu anayedhuru kwa siri, basi. Howl kwa Kijapani anaitwa mahotsukai, yaani mtu anayetumia sihiri, na neno hilo halina harufu ya makaburi na usiku wa manane kama letu. Ndani ya filamu hakuna kafara, hakuna ibada, wala hakuna mtoto anayefundishwa kufanya kitu. Ni sihiri ya hadithi, kama ile ya hadithi za sungura na za mabinti wa wafalme tulizosimuliwa.

Tena ukiisikiliza vizuri, filamu inaionyesha sihiri kuwa na bei. Mfalme amewaita watu wote wa sihiri wajiunge na vita. Waliokubali wamegeuka majitu yenye mabawa, na hawatarudi kuwa binadamu. Calcifer anasema watakuja kujuta kwa machozi. Howl anajibu kwamba hawatajuta, kwa sababu hata kulia watakuwa wamekusahau. Mzazi anayetaka kuzungumza na mwanawe juu ya kujiuza kwa wakubwa ana mahali pazuri pa kuanzia.

Calcifer ni jini?

Ni pepo wa moto anayeishi mekoni mwa ngome. Ndiye anayeiendesha ngome, ndiye anayechemsha maji ya kuoga, ndiye anayepika, japo hili la kupika halipendi. Asili yake ni nyota iliyoanguka. Kwa mtu wa pwani hili linaleta wazo jingine, maana wazee walitwambia kimondo ni kinga cha moto anachotupiwa shetani. Hapa kimondo chenyewe ndicho pepo, na anakaribia kufa alipodakwa na mtoto.

Ukitaka kumjua, angalia ile asubuhi ya kwanza. Bibi Sophie ana njaa. Anakuta mayai na bekoni, anakuta kikaango, na Calcifer anakataa katakata: hampikii mtu ila Howl. Sophie anamgandamiza kwa kikaango. Moto unabanwa chini, unanung'unika, unaangalia juu kwa macho mawili ya kinyonge. Mara Howl anaingia kutoka nje, anachukua kikaango bila kelele, anapasua mayai kwa mkono mmoja na kumtupia Calcifer maganda, naye anayameza moja moja. Markl, mtoto anayefundishwa kazi na Howl, anakula kama aliyekaa siku tatu bila chakula. Hakuna jambo kubwa linalotokea. Lakini kuanzia hapo watu wasiojuana wamekuwa nyumba moja.

Ule mlango wenye kitufe cha rangi unafanyaje kazi?

Juu ya mlango kuna kisahani chenye rangi nne. Kijani kinafungukia nyikani, pale ngome ilipo. Bluu ni Porthaven, mji wa bandari, ambako Howl anajulikana kama Jenkins. Nyekundu ni Kingsbury, mji wa mfalme, ambako anaitwa Pendragon. Nyeusi haelezwi mtu. Ndiyo njia anayoipita Howl kila usiku kwenda vitani. Baadaye ngome inapohamishwa, rangi zinabadilika, na mmojawapo wa milango mipya unafungukia bonde la maua lenye kibanda alimokaa Howl utotoni. Mlango huo uwekeni akilini.

Mbona Sophie anabadilikabadilika? Mara kizee, mara msichana!

Hili ndilo swali linaloongoza, na filamu hailijibu kwa maneno. Lakini macho yakiwa makini jibu lipo.

Anapolala, anarudi kuwa msichana. Howl analiona hilo usiku mmoja akifunua pazia, wala hasemi kitu. Anaposimama mbele ya Suliman, mchawi mkuu wa mfalme, kumtetea Howl, kila sentensi inampunguzia miaka: mgongo unanyooka, sauti inakuwa nyepesi, makunyanzi yanafutika. Suliman anapomwambia kwamba kumbe anampenda Howl, papo hapo anazeeka. Na kule kwenye bonde la maua ni msichana kamili, hadi anapoanza kusema kwamba yeye si mzuri, anachojua ni kufagia tu. Howl anamwambia kwa nguvu kwamba ni mzuri. Anashindwa kulipokea neno hilo, uzee unamrudia usoni, na anajificha nyuma ya maneno ya kizee: uzuri wa kuzeeka ni kwamba huna kikubwa cha kupoteza.

Kwa hiyo Mchawi wa Nyikani aliweka laana, lakini kufuli alikuwa nalo Sophie mwenyewe kabla ya hapo. Rudi mwanzo kabisa, kabla hajarogwa. Anajaribu kofia mbele ya kioo, anatabasamu kidogo, kisha anakunja uso na kuivuta kofia chini. Msichana huyo alikuwa tayari amejizeesha. Ndiyo maana uzee ulipokuja kweli haukumwangusha. Siku ya pili anajiangalia kwenye kioo na kujiambia kwamba bado ana afya, na nguo zake sasa zimemfaa zaidi. Sisi tuliolelewa na bibi tunaijua ruhusa anayopata: bibi anasema analotaka, anaingia jiko la watu na kuamrisha usafi, anamkemea mwenye nyumba. Sophie wa miaka 18 hakuthubutu hata moja ya hayo.

Nywele zake hazirudi rangi ya zamani. Zinabaki nyeupe hadi mwisho, na Howl anaziita nywele za rangi ya nyota. Mimi napenda sana kwamba Miyazaki hakuziponya.

Howl ni shujaa au ni mwoga? Wengine wanasema ni mpenda urembo tu.

Ni mwoga, na anakiri mwenyewe. Chumba chake kimejaa hirizi na vidude vya kuning'inia vya kumzuia Mchawi wa Nyikani asimpate, maana aliwahi kumfuata mwanamke huyo kisha akamkimbia. Mfalme anamwita, yeye anamtuma Sophie akajifanye mama yake. Nywele zikiharibika rangi kwa sababu Sophie amepangua chupa zake bafuni, anatoa kilio, anasema maisha hayana maana kama si mzuri, na mwili unamtoka ute wa kijani unaomwagika sakafuni. Sophie anatoka nje kwenye mvua na kulia, kwa kuwa yeye hajawahi kujiona mzuri hata siku moja.

Lakini mtu huyohuyo, kila usiku, anapita mlango mweusi. Hapigani upande wa mfalme wala upande wa adui. Anaziharibu ndege za pande zote mbili. Kuna alfajiri moja anarudi akiwa manyoya matupu, anakwenda akiburura miguu ya ndege, anaanguka kwenye kiti mbele ya moto. Calcifer anamwambia ananuka chuma na nyama iliyoungua. Kucha zinarudi ndani polepole, kwa maumivu. Kila usiku kurudi kunakuwa kugumu zaidi. Anachoomba ni maji ya moto ya kuoga.

Baadaye anamwambia Sophie kwamba amekimbia vya kutosha, sasa amepata kitu cha kulinda, nacho ni yeye Sophie. Katika filamu nyingi za vita hapa ndipo muziki ungepanda na mwanamke angebaki dirishani na leso. Sophie hafanyi hivyo. Anatambua kwamba nyumba ikiendelea kusimama pale, Howl ataendelea kuitetea hadi ageuke dude moja kwa moja. Basi anamtoa Calcifer mekoni kwa koleo, na ngome yote inaporomoka. Anaibomoa nyumba kwa mikono yake ili mpenzi wake akose cha kufia. Na anasema wazi: Howl anafaa akiwa mwoga.

Wahenga wetu walisema kwa shujaa huenda kilio, kwa mwoga huenda kicheko. Sijaona filamu nyingine iliyoishi methali hiyo kwa moyo kama hii. Watu husema ni filamu ya mapenzi na vita, kana kwamba ni vitu viwili vilivyowekwa pamoja kunogesha. Kwangu mapenzi ya Sophie ndiyo hoja yake dhidi ya vita: anamtaka mtu wake mzima, akiwa na aibu zake na chupa zake za rangi ya nywele.

Vita vyenyewe ni vya nani na nani? Mbona hawasemi?

Tunajulishwa kidogo sana: mwana wa mfalme wa nchi jirani amepotea, nchi jirani inalaumu, na falme mbili zimepigana. Majina ya nchi hakuna. Ramani hakuna. Wala hakuna vita vya kushangiliwa. Tunaona gwaride na maua mwanzoni. Kisha tunaona meli ya kivita ikirudi Porthaven ikiungua, na Sophie, aliyekwenda sokoni na Markl, anasimama kwenye umati akiangalia. Baadaye mabomu yanashuka usiku juu ya mji wa kofia, mitaa ileile tuliyoipita mwanzoni ikiwa na nguo nzuri na harufu ya keki.

Sophie anaona ndege kubwa inapita angani na kumwuliza Howl kama ni ya kwao au ya adui. Howl anajibu kwamba ni mamoja. Ndiyo sababu hatutajiwi nani yupi.

Kuna vita halisi nyuma ya hivi. Marekani na washirika wake waliivamia Iraki tarehe 20 Machi 2003, na siku chache baadaye filamu ya Miyazaki iliyotangulia, Spirited Away, ikashinda Oscar. Hakwenda kuichukua. Miaka kadhaa baadaye alieleza kwamba hakutaka kuzuru nchi iliyokuwa ikiipiga Iraki mabomu. Wakati huo alikuwa anatengeneza Ngome Itembeayo, na amesema vita vile viliigusa filamu hii kwa kina.

Na kuna vita vya zamani zaidi. Miyazaki alizaliwa Tokyo Januari 1941. Familia yake ilihamia Utsunomiya kukimbia mabomu, lakini Julai 1945 mji huo nao ulichomwa kwa mabomu ya moto, yeye akiwa na miaka minne. Amesimulia jinsi walivyotoroka usiku ule kwa lori, na jinsi mtu mwenye mtoto alivyoomba wapandishwe, na lori likaondoka bila wao. Ukiangalia anavyochora mji unaoungua, wekundu ulivyotanda hadi juu ya mawingu, utajua hakuutoa kwenye picha za magazeti.

Kama anachukia vita, mbona ndege za kivita amezichora kwa mapenzi hivyo?

Kwa sababu anazipenda ndege, na hilo limemsumbua maisha yake yote. Baba yake aliongoza kiwanda cha familia kilichotengeneza vipande vya ndege za kijeshi, zikiwemo Zero, ndege za kivita za Japani. Mlo wa utotoni mwake ulitoka humo. Ndege za filamu hii zinafuata michoro ya Albert Robida, Mfaransa wa karne ya 19 aliyebuni mitambo ya kuruka ya karne zijazo: mabawa yanayopigapiga kama ya kereng'ende, matumbo mazito ya chuma. Zinapendeza mpaka zinapofungua matumbo.

Hata jina la studio limetoka kwenye ndege. Ghibli ilikuwa ndege ya Italia iliyopewa jina la upepo wa jangwani wa Libya. Neno hilo ni la Kiarabu, na shina lake ni lilelile la kibla yetu. Wajapani hulitamka Jiburi.

Sophie na Howl walipendana lini hasa? *(Hapa nafichua sana. Kama hujaitazama, ruka.)*

Ngome ikiwa imebomoka, pete aliyopewa na Howl inatoa mwanga na kumwelekeza Sophie kwenye mlango uliobaki. Anaupita na kujikuta kwenye lile bonde la maua, miaka mingi nyuma, usiku wa vimondo. Anamwona Howl akiwa mtoto. Kimondo kimoja kinaanguka mkononi mwake, mtoto anakimeza, kisha anatoa moyo wake kifuani ukiwa unawaka. Huyo ndiye Calcifer. Mtoto alimpa pepo moyo wake asife, na pepo akampa nguvu zake. Ndiyo siri ya mapatano yao tangu mwanzo.

Ardhi inammeza Sophie, na akiwa anaanguka anapiga kelele kwamba amejua sasa namna ya kuwasaidia, wamtafute mbeleni. Howl mdogo anageuka na kumwona.

Sasa rudi kichochoroni, dakika za mwanzo. Howl anapotokea nyuma ya askari, maneno yake ya kwanza kwa Sophie ni kwamba alikuwa akimtafuta. Tulidhani ni ujanja wa kumwokoa. Alikuwa anasema kweli. Mara ya kwanza nilipoliona hili niliirudisha filamu mwanzo usiku uleule.

Mwisho wake mbona wa haraka? Vita vinaishaje hivihivi? *(Mwisho unafichuliwa hapa pia.)*

Lawama hii ina haki yake. Sophie anaibusu sanamu ya kutishia ndege shambani, yenye kichwa cha tanipu, na kumbe ndiye mwana wa mfalme aliyepotea. Anaahidi kurudi kwao kusimamisha vita. Suliman anayaona yote kutoka kitini kwake na kuamua kwamba sasa vita hivi vya kipumbavu viishe, waitwe wakubwa. Yote hayo ndani ya dakika chache. Kama hadithi, nakubali, fundo limefunguliwa kwa haraka mno.

Lakini kila nikimwona yule mama akitoa amri akiwa ameketi, nguo hazijakunjamana, najiuliza kilichomzuia kuitoa jana yake, au wiki iliyopita, kabla mji wa kofia haujaungua. Kwa hiyo mwisho huo hauniachi na furaha tupu. Vita vilikuwa na swichi muda wote, na aliyeishika hakuwa na haraka.

Jambo lililofanyika bila pupa ni la moyo. Sophie anaurudisha moyo kifuani mwa Howl kwa mkono wake. Howl anazinduka na kulalamika kwamba mwili ni mzito kama jiwe. Sophie anamjibu kwamba ndivyo moyo ulivyo, ni mzito.

Inatofautianaje na kitabu?

Kitabu ni cha Mwingereza Diana Wynne Jones, kilitoka 1986. Aliandika kwamba wazo alipewa na mvulana katika shule aliyoitembelea, aliyemwomba aandike kitabu kinachoitwa The Moving Castle, yaani Ngome Itembeayo. Akaliandika jina la mvulana, akaliweka mahali salama kiasi kwamba hakuliona tena.

Katika kitabu vita viko mbali, vinatajwatajwa tu. Sophie ana wadogo wawili, si mmoja, na yeye mwenyewe ana kipaji cha kuvipa vitu uhai kwa kusema navyo. Markl ni kijana anayeitwa Michael. Suliman ni mwanamume. Mchawi wa Nyikani ni adui hadi mwisho, ilhali Miyazaki anamvua nguvu na kumwacha bibi aliyechoka, na Sophie anamlisha uji kwa kijiko. Tofauti ninayoipenda kuliko zote ni ya mlango mweusi: kitabuni unafungukia Wales, kwa dada yake Howl, kwenye nyumba ya kawaida yenye gari nje. Miyazaki aliuchukua mlango huohuo akauelekeza vitani. Jones naye alikuwa mtoto wa Vita Kuu ya Pili, akahamishwa kukimbia mabomu. Filamu aliipenda.

Miyazaki hakuwa wa kwanza kupewa kazi hii. Alianza nayo Mamoru Hosoda, akaondoka 2002.

Nitazame kwa Kijapani au kwa Kiingereza?

Kijapani, kama unaweza kusoma maandishi ya chini. Sababu yangu ni moja: Chieko Baisho, aliyezaliwa 1941 kama Miyazaki mwenyewe, anamsemea Sophie msichana na Sophie bibi, peke yake. Umri unapopanda na kushuka katikati ya sentensi, sauti inapanda na kushuka nao. Kiingereza wamegawana wawili, Emily Mortimer kwa msichana na Jean Simmons kwa bibi. Wote wazuri, ila ule mteremko unakatika.

Mchawi wa Nyikani kwa Kijapani ni Akihiro Miwa, aliyekuwa mtoto wa miaka kumi mjini Nagasaki siku bomu la atomiki lilipoanguka. Kwa Kiingereza ni Lauren Bacall, na Howl ni Christian Bale, sauti nzito ambayo wengi wameipenda.

Ule wimbo unaojirudia ni upi?

Ni wa Joe Hisaishi, waltzi moja ambayo jina lake lina maana ya bembea izungukayo ya maisha. Karibu muziki wote wa filamu umejengwa juu ya tyuni hiyo. Isikilize piano ikianza peke yake, kisha wanapotembea hewani ikachanganya. Wimbo wa mwisho unaimbwa na Baisho.

Mji ule upo kweli?

Nyumba zile za mbao zilizopangwa kwa mitindo ya kale zimefuata mji wa Colmar, jimbo la Alsace, Ufaransa. Nyumba ya Pfister huko Colmar utaitambua mara moja.

Naipata wapi?

Tangu 2020 Netflix wameziweka filamu za Ghibli katika nchi za Afrika, na hii iliingia Aprili mwaka huo. Ukiipata mahali ambapo mtafsiri anasemea juu yake mwanzo hadi mwisho, kama tulivyozoea vibandani, itafute nyingine. Burudani ile naipenda, ila filamu hii ina vituo vya kimya alivyoviweka Miyazaki kwa makusudi: Sophie amekaa kando ya ziwa, nguo zimeanikwa, upepo unapita. Ukikijaza kimya kile maneno, umeupoteza mchana wote wa Sophie.

Nikimaliza hii, nitazame ipi?

Kama kilichokushika ni vita, tazama Grave of the Fireflies ya 1988, ya Isao Takahata wa studio hiyohiyo: kaka na mdogo wake wa kike mjini Kobe, 1945. Usiiweke watoto wakiwepo, na usiitazame usiku ukiwa peke yako. Kama ni ndege, kuna The Wind Rises ya 2013, juu ya mhandisi wa ndege za Zero. Kama ni Howl mwenyewe aliyekushika, basi irudie hiihii, na safari hii mwangalie mkono wake pale kichochoroni mwanzoni. Pete ameshaivaa.